Somo: Namna ya kutoa albamu ya heshima kwa Big Star kupitia jarida la mashabiki

Wakuu, salaam. Wengi mmeniuliza tulifanyaje hadi jarida letu dogo likatoka na CD ndani yake, yaani albamu ya heshima: wasanii wengine wakirudia nyimbo za bendi wanayoienzi. Leo nashusha somo zima, na mfano wangu ni bendi ileile tuliyoienzi: Big Star wa Memphis, Tennessee.

Kwa wageni: hawa jamaa walirekodi katika studio za Ardent, na jina walilitoa kwenye supamaketi iliyokuwa ng'ambo ya barabara. #1 Record ilitoka 1972, Radio City ikafuata 1974. Albamu ya tatu walianza kuirekodi 1974 lakini ilifika sokoni 1978, bendi imeshasambaratika. Muziki wao ni pawa popu: magitaa yanayolia kama kengele, sauti zinazopandana, nyimbo fupi ambazo kiitikio chake kinakufuata mpaka kitandani. Wahakiki waliwamwagia sifa. Lakini Stax, lebo ya Memphis iliyokuwa ikisimamia usambazaji, ilikabidhi kazi hiyo kwa Columbia, kampuni kubwa ya rekodi, na santuri hazikufika madukani ipasavyo. Mtu alisoma sifa gazetini, akaenda dukani, akarudi mikono mitupu. Lishikeni hilo, maana hatua nyingi hapa chini zinatokana nalo.

HATUA YA 1: Chagua nyimbo kabla ya kuchagua bendi
Sisi tulianza kinyume. Tukaalika bendi kwanza, na karibu zote zikataka "September Gurls". Ni wimbo wa ajabu, haufiki hata dakika tatu, ila bendi ya The Bangles ilishaurudia 1986 na dunia nzima ikausikia. Kaa chini uandike orodha yako, kisha uitafutie kila wimbo mtu wake. "Thirteen" mpe mwenye sauti ya karibu na gitaa moja tu. "The Ballad of El Goodo" inataka watu wanaoweza kuimba kwa sauti tatu bila kugombana.

Na usimsahau Chris Bell. Huyu aliunda sauti ya albamu ya kwanza pamoja na Alex Chilton, mwimbaji mwenzake katika bendi, kisha akaondoka. Mwaka 1978 alitoa singo yake "I Am the Cosmos", na tarehe 27 Desemba mwaka huohuo akafa kwa ajali ya gari, akiwa na miaka 27. Albamu ya heshima isiyo na wimbo wake nawaambia wazi naiona nusu.

HATUA YA 2: Leseni
Hapa ndipo wengi hukimbilia njia ya mkato. Kuna haki mbili: haki ya utunzi na haki ya rekodi. Ukirekodi upya, ya pili haikuhusu. Ya kwanza lazima uilipie. Marekani sheria inaruhusu kurudia wimbo uliokwisha kutolewa bila kumbembeleza mtunzi, mradi utoe taarifa kabla ya kusambaza na ulipe kiwango kilichowekwa. Mwaka 2025 kilikuwa senti 12.7 kwa kila nakala ya wimbo usiozidi dakika tano. Piga hesabu: nyimbo 12 mara nakala 300 ni dola 457.20. Ingiza kwenye bajeti kabla ya kitu kingine chochote. Watu hawa hawakuona matunda ya kazi yao walipokuwa vijana. Chilton alifariki Machi 2010, Andy Hummel, mpiga besi wao, Julai mwaka huohuo. Kuwaenzi huku tukila jasho lao, mimi siwezi.

HATUA YA 3: Kurekodi
Kila bendi irekodi kwake. Omba faili za WAV (sauti isiyobanwa) za biti 24, kisha mpe fundi mmoja azisawazishe zote, la sivyo msikilizaji atashinda na kitufe cha sauti mkononi.

HATUA YA 4: Maandishi
Jarida ndilo linaloitofautisha albamu hii na orodha ya nyimbo za kwenye simu. Who Put the Bomp la Greg Shaw lilianza kama jarida la mashabiki, likazaa lebo ya Bomp!; Yellow Pills la Jordan Oakes, kule St. Louis, likazaa mfululizo wa CD kuanzia 1993. Mwombe kila msanii aya moja: wimbo huu ulimfikiaje? Majibu yake huwa matamu kuliko uhakiki wowote.

HATUA YA 5: Kufikisha
Usichapishe nakala ambazo huna pa kuzipeleka. Kusanya oda kwanza, tuma kwa posta, weka akiba kwa maduka machache yanayokuamini. Bendi iliyoumizwa na usambazaji isiumizwe nao tena.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, tukigawa bure bado tunalipa?
Jibu: Ndiyo, ndugu yangu. Kinachohesabiwa ni nakala unazosambaza, faida haiingii hapo.

Swali: Tunaweza kuimba "Thirteen" kwa Kiswahili?
Jibu: Natamani sana kuisikia! Ila tafsiri ni kazi mpya inayotokana na ya mwingine, kwa hiyo leseni ile ya kawaida haitoshi. Mwandikie mchapishaji wa wimbo (anayesimamia haki ya utunzi), uambatanishe mashairi yako na maana yake mstari kwa mstari. Anza mapema, majibu huchelewa.

Swali: Jalada je? Nataka ile picha ya dari jekundu ya Radio City.
Jibu: Ile ni picha ya William Eggleston, mpiga picha mkubwa wa Memphis, na ina haki zake. Huyuhuyu alipiga piano kwenye "Nature Boy", katika vipindi vya kurekodi albamu ya tatu. Acha picha yake, piga yako. Sisi tulipiga taa ya duka la mtaani kwetu usiku, baada ya mvua, na mpaka leo watu wanaulizia bango lake.

Swali: Bendi mbili zinang'ang'ania "In the Street". Nifanyeje?
Jibu: Sikiliza demo (rekodi za majaribio) zote mbili. Atakayekosa mpe "Back of a Car". Aliyekosa kwetu aliichukua kwa shingo upande, na ndiyo tuliyoiweka kufungua albamu.