Mrututu, mawe ya redio na mita: elektrolisisi mara mbili kwa myeyusho mmoja

Muulize mwanafunzi wa kidato cha tatu nini hutokea umeme ukipita kwenye myeyusho wa mrututu (salfeti ya shaba), atajibu bila kupumua: shaba kathodi (upande hasi), oksijeni anodi (upande chanya). Mbadilishie elektrodi, yaani vijiti vinavyoingiza umeme kwenye myeyusho, kutoka kaboni ziwe za shaba, atarudia jibu lilelile, na hapo alama zimekwenda. Ndiyo maana jaribio hili nalifanya mara mbili mfululizo. Maabara si lazima, mwalimu. Meza na dirisha lililo wazi vinatosha.

Vifaa

Mrututu, yaani salfeti ya shaba (CuSO₄·5H₂O), ulizia maduka ya pembejeo Kariakoo, kwani wakulima huutumia kama dawa ya ukungu. Chukua mawe makubwa mawili ya redio mapya, na mawili yaliyokwisha ili upate vijiti vyake vya kaboni. Ya alkalaini hayana kijiti, usihangaike kuyapasua. Ongeza waya wa shaba uliomenywa, glopu ya tochi ya zamani (si ya LED), mita ya fundi umeme na bilauri ya kioo. Mrututu ni sumu: vaa glavu, na bilauri hiyo isirudi jikoni tena.

Maji ndiyo huwaangusha wengi. Visima vingi vya Dar es Salaam, hasa vya karibu na bahari, vina chumvi. Ayoni za kloridi zikiwa nyingi, anodi itatoa klorini, na darasa zima litasikia harufu ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Kinga maji ya mvua, au nunua maji yaliyokenekwa ya kuongezea betri ya gari. Soma lebo, usije ukabeba asidi.

Hatua ya 1. Koroga gramu 25 za mrututu katika mililita 200 za maji.

Hatua ya 2: kaboni. Unga mawe mawili mfululizo upate volti 3. Kijiti kilichoungwa upande hasi ni kathodi. Tumbukiza vijiti, visigusane. Kathodi itavaa koti jekundu la shaba, anodi itatoa viputo:

Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu
4OH⁻ → O₂ + 2H₂O + 4e⁻

Vitabu husema bluu hupauka. Kweli, ila usiwaahidi wanafunzi kwamba wataiona kengele haijalia: kwa mkondo wa 0.3 A, kuimaliza shaba yote iliyomo kungechukua kama saa 18.

Hatua ya 3: nishati imekwenda wapi? Hapa usikimbie. Chomoa mawe, weka mita kwenye volti, kisha gusisha nyaya zake kwenye vijiti vilevile, vikiwa bado ndani ya myeyusho. Mita haisomi sifuri! Inaonyesha volti kidogo, kisha inashuka. Shaba iliyoganda na oksijeni iliyoshikilia kaboni zimegeuka betri ndogo: sehemu ya nishati ya umeme ilihifadhiwa kama nishati ya kikemikali, na sasa inarudi. Waache wabishane kabla hujawaeleza.

Hatua ya 4: shaba. Weka nyaya mbili za shaba zilizosokotwa, na glopu mfululizo ili kupunguza mkondo. Safari hii anodi haitoi viputo, inaliwa: Cu → Cu²⁺ + 2e⁻. Kinachoondoka huku kinaganda kule, bluu inabaki palepale. Chomoa mawe, pima volti tena: karibu sifuri. Hakuna kilichowekwa akiba. Nishati yote imeishia kuwa joto, na mwanga kidogo kwenye glopu.

Hatua ya 5: hesabu. Tuseme katika hatua ya 4 mita, ikiwa imewekwa kwenye ampea na kuungwa mfululizo na glopu, ilisoma 0.2 A kwa dakika 30. Geuza dakika ziwe sekunde, 1,800. Q ni chaji kwa kulombi (C), 96,500 ni kulombi za moli moja ya elektroni, na 63.5 ni gramu za moli moja ya shaba.

Q = 0.2 × 1,800 = 360 C
Moli za elektroni = 360 ÷ 96,500 = 0.00373
Moli za shaba = 0.00373 ÷ 2 = 0.00187
Tungamo = 0.00187 × 63.5 ≈ 0.12 g

Ukiona daftari lina 0.24, mwenyewe amesahau kwamba kila Cu²⁺ inadai elektroni mbili. Kama kuna sonara jirani, mwombe mizani: suuza kathodi, ikaushe, ipime kabla na baada.

Kumwaga. Si kwenye mtaro. Tia misumari ya chuma kwenye myeyusho, uache mpaka bluu iishe. Chuma huchukua nafasi ya shaba, nayo shaba hutuama chini. Chuja na uitunze, wanafunzi watahitaji sampuli wakifika kwenye uchimbaji wa metali.