Utajifungulia wapi? Amua mapema

Mjamzito wa Kibosho au Old Moshi, huku mlimani Kilimanjaro, akiulizwa atajifungulia wapi, mara nyingi mama mkwe ndiye anayejibu. Mkwe ana heshima yake, lakini mwenye mimba ni wewe, dada. Jibu litoke kwako, kadi ya kliniki ikiwa mkononi.

Isome hiyo kadi. Kama ulishapasuliwa wakati wa kujifungua, kama hii ni mimba ya tano au zaidi, kama una mapacha, presha au kisukari, au urefu wako haufiki sentimita 150, usipange kujifungulia zahanati, hata kama nesi wa pale anakufahamu tangu utoto. Zahanati haina chumba cha upasuaji wala damu ya kuongezewa. Vituo vya afya vingine vinapasua, vingine havipasui, kwa hiyo uliza wazi: "Nikihitaji upasuaji saa nane usiku, mnanifanyia hapa au mnanipeleka hospitali ya Mawenzi? Gari lipo?" Ni haki yako kuuliza. Uliza pia kama mama au dada yako ataruhusiwa kukaa nawe wakati wa uchungu. Mkono wa mtu wako mgongoni ni msaada mkubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Halafu njia. Tarehe yako ikiangukia masika, ile njia ya mgombani inakuwa tope tupu, bodaboda zinateleza na taksi inakusubiri chini kwenye lami. Tafuta namba za madereva wawili, si mmoja, na mpatane bei kabisa. Unakaa juu sana? Shuka kwa ndugu mjini wiki mbili kabla. Nalisisitiza hili kwa sababu mzazi akivuja damu nyingi, saa mbili tu zinaweza kumpoteza. Ndiyo maana pia ujue kundi lako la damu, na ndugu wawili wawe tayari kuchangia.

Kanga safi, pamba, glavu, nguo na kofia ya mtoto viandae kwenye mfuko. Orodha kamili waulize unakokwenda. Mtori, ile supu ya ndizi, utaletwa kwenye themosi.

Ukiona damu, kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, chupa ikipasuka au mtoto akipunguza kucheza, usisubiri uchungu. Ondoka saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Mfuko ukae karibu na mlango, kadi juu yake, na baba mtoto ajue mfuko huo ulipo.