Mbele ya kuenda ku tesiti ya Kingereza, chunga sana hii neno "run"

Batu bengi hapa Goma, kama baliitwa ku tesiti ya kazi, banakamata dikisyoneri banaanza kumeza maneno kubwa kubwa, kumbe yenye itabakwamisha ni neno ya herufi tatu tu, run. Ku masomo tulifundishwa run ni "courir", ni kukimbia, mwalimu akafuta tablo, bikaisha. Lakini Peter Gilliver, moja wa batu ya dikisyoneri kubwa ya Oxford, alitumika myezi 9 juu ya hiyo verbu peke yake, akaikutia maana 645! Zamani "set" njo ilikuwa inashinda zote, run ikaipita.

Siseme umeze 645, hakuna mutu anafanyaka hivyo. Ya kwanza ni kuacha kupitishia kila kitu mu Kifaransa. Kiswahili yetu iko na "piga": unapiga simu, unapiga picha, unapiga pasi, na hakuna mwenye aliumia. Unaelewa piga juu ya neno yenye inaifuata. Run iko vile vile, ile akili uko nayo tayari, uitumikishe.

Kwa hiyo jizoeze kuangalia nyuma yake, na hapa njo pa kukalia siku mingi. "Run out of" ni kitu kuisha, kama vile maji inaishaka mu bidoni. "Run into" mutu ni kukutana naye bila kupanga, "run over" ni gari kumukanyaga, ona vile hizo mbili ziko mbali, na ni kaneno kadogo tu kanabadilisha. Mudogo wangu alienda ku tesiti ya shirika moja ya maji, bakamuandikia eti santre ya afya "has run out of chlorine", yeye akaelewa batu balikimbia na klorini, akajibu mambo ya wizi na polisi. Kazi ya maji anaijua kabisa, ameifanya miaka mingi, na bakamukata juu ya hiyo frase. Inaniuma mpaka leo. Tena ona hapo, "has run": jana ni "ran", lakini kisha "has" inarudia kuwa run, usifikiri ni ya leo.

Kama hakuna kitu nyuma, uliza ni nani ao ni nini inafanya hiyo run. Jenereta ikifanya run, inatumika, na kama ni "runs on diesel" inatembea na mazutu. Robine, maji inatoka. Pua, ni makamasi. Mama mwenye "runs a project" hakimbie popote, ni yeye anaiongoza, na hii utaikuta kila mahali ku matangazo ya kazi. "Running late" ni kuchelewa.

Wenye munaenda kutafuta kazi ya afya, tafazali mushike hii: mutoto mwenye iko na "the runs" anahara. Hapa kwetu na kolera, kuelewa hiyo vibaya si kitu kidogo.

Ya uchaguzi ni haraka, Marekani banasema run kwa mutu mwenye anawania kiti, Uingereza banapenda "stand".

Siku tatu mbele ya tesiti, kamata kaye, andika frase kumi na vitu vya mu nyumba yako mwenyewe, bidoni, robine, jenereta, motari mwenye anakupelekaka Birere, maana neno yenye imefungwa na kitu unaonaka kila siku haitoke mu kichwa. Somea rafiki kwa sauti, yeye akuambie maana kwa Kiswahili, kisha mubadilishane. Na kama umefika mbele yabo na frase haieleweke, omba bairudilie pole pole, usikie muzuri ni nini inafuata nyuma ya run, njo ujibu.