Dubu wa Katmai: weka safari mwanzoni mwa ratiba
Ukienda Alaska kuona dubu wa maporomoko ya Brooks Falls, hifadhi ya Katmai, panga safari hiyo siku za mwanzo, kamwe si siku ya mwisho. Barabara ya kufika huko haipo. Wengi hufika kwa ndege ndogo zinazotua ziwani, na ukungu ukishuka rubani harushi. Ukibakiwa na siku mbele, unaahirisha tu. Ila Julai, dubu wanaposimama juu ya maporomoko kudaka samoni wanaoruka, viti hujaa, kwa hiyo ulizia kabla ya kulipa kama tiketi inahamishika. Agosti mbinu hii haifui dafu hata anga iwe safi bila ukungu: samaki wamepita, dubu wengi wametawanyika. Hurudi Septemba.