Zawadi ya Idi: chupa tupu na leso (kanga) kuukuu
Jemu ikiisha, chupa usiitupe, Idi yaja. Iloweke kwenye maji moto hadi karatasi ibanduke. Gundi iliyobaki isugue kwa mafuta ya nazi na majivu kidogo. Ianike juani kutwa, kifuniko kando, maana harufu ya zamani hung'ang'ania kifunikoni. Ikikauka kabisa (tone moja la maji laleta ukungu), tia masala ya chai uliyotwanga mwenyewe: iliki, mdalasini, karafuu, tangawizi kavu.

Kisha kwenye leso iliyochakaa kata ule ukanda wenye jina, yaani yale maneno yaliyochapwa, uzungushie chupa, funga kwa kamba nyembamba ya makumbi. Ila jina lisome kwanza! Leso zetu huku Lamu hazikosi vijembe, na wifi atalisoma kabla hajafungua chupa.