Tamasha la metali ya kizamani: anza na masikio

Mara yangu ya kwanza kwenye tamasha la metali ya kizamani, yaani muziki wa heavy metal wa magitaa mazito, nilirudi chumbani masikio yakilia viii mpaka asubuhi. Kwa hiyo kitu cha kwanza ni vizibo vya masikio. Sauti ya desibeli 100 huweza kuanza kudhuru masikio ndani ya dakika 15 tu, nawe utakaa ukumbini kutwa. Kile cha sponji kiviringishe kwa vidole kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, kiingize, kishikilie mpaka kifure.

Tiketi nunua mapema. Kumbi hizi ni ndogo. Halafu zisikilize bendi kabla ya kwenda, hasa zile za miaka ya 1980 zilizotoa albamu moja zikapotea. Hizo ndizo zinazowaliza wazee wenye vizibao vya jinzi vilivyojaa viraka vyenye majina ya bendi, na kila neno wanalijua. (Kiraka cha bendi usiyoijua usikishone. Utaulizwa.)

Fulana nunua mchana, na ubebe noti; saizi yako ikiisha, imeisha. Mbele ya jukwaa watu hutikisa vichwa, hawapigani. Mtu akianguka, mwinue. Na viatu viwe vya kufunga, tafadhali: kufika usiku sakafu ni bia tupu.