Pampu Inazunguka Lakini Maji Hayapandi

Pampu inayopandisha maji kutoka tangi la chini hadi tangi la juu ya nyumba ikizunguka bila kutoa maji, usikimbilie kununua nyingine, kwa kuwa mara nyingi mota ni nzima na kilichoharibu kazi ni hewa iliyoingia katika bomba la kufyonzea. Zima umeme, fungua kizibo kilicho juu ya kichwa cha pampu, jaza maji polepole hadi mapovu yakome, kisha funga na uwashe. Maji yakipanda, lakini kesho yake tatizo likarudi, shuku valvu iliyo mwisho wa bomba la kufyonzea, ndani ya tangi la chini: punje chache za mchanga zikizuia ulimi wake usifunge vizuri, maji yote ya bombani hushuka usiku. Ivue, uisugue kwa mswaki mkuukuu, na viungio uvizungushie upya tepu nyeupe ya mabomba.

Pampu inayonguruma bila kuzunguka ni jambo jingine. Izime mara moja kabla waya za mota hazijaungua. Huenda kapasita, yaani kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, imekufa, na kwa kuwa kifaa hicho huweza kubaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa, mwachie fundi akibadilishe.